Posa Yangu na Ndoo ya Maembe

Aibu hii bora niisimulie mwenyewe, maana shemeji zangu kila mwaka wanaiongezea chumvi. Tulikuwa tunapeleka posa kwa kina Salma, hapa Tabora mjini, na mama alinipa kazi moja tu, kuvundika maembe ya kwenda nayo, mabichi kutoka Kigwa, akaniagiza niyalaze kwenye gunia lenye majani makavu. Mimi (mwalimu wa biolojia, kichwa kimejaa Salma) nikaona najua zaidi.

Nieleze taratibu. Embe lililokomaa hutoa hewa iitwayo ethilini, homoni inayoliambia lenyewe na wenzake waive. Nikawaza, basi isipotee bure. Nikayajaza kwenye ndoo kubwa, nikabana mfuniko, nikazungushia selotepu, na kwa siku tano kila asubuhi nikawa naigusa ile ndoo na kuota, jua linaingia dirishani, vumbi linaelea polepole, Salma ananimenyea embe la rangi ya asali. Sikufungua hata mara moja (niliogopa hewa itatoroka).

Kumbe hatua ya mwisho ya kuitengeneza ethilini hufanywa na kimeng'enya kisichofanya kazi bila oksijeni, na ndani ya ndoo ile maembe yalikuwa yameshaimaliza. Na hilo nilikuwa nalifundisha darasani.

Ndoo tuliibeba vilevile na selotepu yake. Ubani unafuka, wazee wameketi, na mama yake Salma, Bi Zuwena, akaomba tufungue. Maembe yalikuwa ya kijani, magumu, na harufu iliyotoka ilikuwa ya pombe. Mjomba wake Salma akaziba pua kwa ncha ya kilemba. Nikaanza kueleza kwamba hakuna aliyekunywa, tunda likikosa hewa huchachuka, nikaeleza mpaka kahawa ikapoa, mama ananivuta kanzu ninyamaze.

Bi Zuwena akanitazama kwa upole. "Kwa hiyo, mwanangu, uliyanyima pumzi kwa kuyapenda?"

"Ndiyo, mama."

"Na binti yangu utamfungia hivyohivyo?"

Nikasema hapana, na nyuma ya pazia nikamsikia Salma akicheka.

Jibu tulilisubiri wiki mbili, na wali haukuwa na ladha mdomoni. Wakakubali. Nimeapa sitafunga tena kitu kinachopumua, ingawa kiapo chenyewe hakina kazi kubwa: nyumbani kwetu anayevundika maembe ni Salma, mimi naruhusiwa kubeba gunia tu.