Hoja Kumi na Moja za Mwalimu Riungu

Mwalimu Naftaly Riungu alifundisha historia katika shule moja ya upili karibu na Runyenjes kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo ni somo moja tu lililomfanya avue koti. Mambo ya reli na mikataba ya wakoloni aliyasoma kutoka daftarini akiwa ameketi, akipiga miayo kuliko wanafunzi wenyewe. Lakini akifika kwa Martin Lutha, yule mtawa wa Kijerumani ambaye inasemekana alipigilia hoja zake kwenye mlango wa kanisa kule Wittenberg, Riungu alisimama, akalitundika koti dirishani, akaanza kutembea huku na huku. Aliwaeleza vijana juu ya Gutenberg na herufi zake za chuma za kuchapia vitabu, juu ya Kalvini kule Geneva, juu ya wakulima waliosikia Maandiko kwa lugha ya mama zao kwa mara ya kwanza. Mwisho aliwaachia lile lililomkaa moyoni: kwamba mbele za Mungu kila aaminiye ni kuhani. Vijana waliandika, wakapata alama nzuri, wakasahau.

Yeye hakusahau, na balaa ilianzia hapo. Mtu akifundisha jambo moja miaka nenda miaka rudi, mwisho huliamini, na mwalimu anayeamini anachofundisha ni mtu wa kuonewa huruma.

Kanisa lake lilikuwa kilimani juu ya soko, na Riungu alikuwa mmoja wa wazee wake. Lilikuwa kanisa la sheria. Mke wa pili hakushiriki meza ya Bwana. Msichana akizaa nyumbani, alifungiwa meza hiyo, yeye na mama yake. Na aliyefungiwa akifa, mchungaji hakwenda kumzika. Hakukanyaga hata lango la boma lake. Sasa huku kwetu mtu huzikwa shambani kwake, kwa hiyo mchungaji asipopita langoni, maiti hana sala, wala hana wimbo wa akina mama wa chama cha kanisa na vitambaa vyao vyeupe vya kichwani.

Mwaka wa themanini na sita alifariki bibi mmoja aliyeitwa Nelius. Aliwahi kuolewa mke wa pili na mtu aliyekwisha kufa zamani, na kwa miaka thelathini alilifagia kanisa lile kila Jumamosi, akang'arisha vikombe vya meza asiyoruhusiwa kuikaribia. Wanawe walimfukia kimyakimya, wakanawa mikono, wakarudi kuchuma kahawa. Riungu alifika nyumbani akashindwa kula. Mkewe Marcella, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama, alimwona anavyokunja uso, akajua.

"Baba Kathure," alimwambia, "hayo mambo ya Ulaya waachie watoto wa shule."

Hakumsikia. Aliandika hoja kumi na moja kwa Kiembu, ya nne ikiwa ile ya kila aaminiye kuwa kuhani. Alichapa stensili, akazungusha mkono wa mashine ya shule ya kutolea nakala mpaka akapata sitini. Jumapili, kabla watu hawajafika, alichukua nyundo na misumari minne ya inchi tatu, akaipigilia nakala moja kwenye mlango wa kanisa. Alikaa kwenye ngazi akingoja dunia itikisike.

Mwalimu wa watu! Mlango wa Wittenberg aliujua kama kiganja chake, na huu wa kwao, alioupita kila Jumapili, hakuufikiria hata mara moja. Ulikuwa mlango wa mti wa muringa, mbao nene, uliotolewa na familia ya mzee Hezekiah kwa ukumbusho wa baba yao, na jina la marehemu lilikuwa limechongwa pale kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani. Karatasi ya Riungu ilikuwa imelifunika jina hilo, na msumari mmoja ulikuwa umelitoboa katikati. Kwa watu wa kilima kile, kupigilia msumari kwenye jina la marehemu hakuitwi hoja. Kunaitwa laana.

Waumini walijaa mlangoni, na hakuna aliyesoma. Walihesabu matundu. Mzee Hezekiah, kiongozi wa wazee wa kanisa, mtu wa miaka sabini, alilia machozi mbele ya wajukuu wake. Riungu alikuwa amejiandaa wiki tatu kujibu maswali juu ya neema. Juu ya baba wa mtu hakuwa amejiandaa. Zile nakala nyingine alizozigawa sokoni nazo hazikufika mbali. Siku ya soko iliyofuata aliwakuta akina bibi wakifungia ugoro hoja ya kwanza mpaka ya kumi na moja.

Baraza la wazee lilipokaa, aliwaomba wajadili hoja moja tu, hata ndogo. Mchungaji Kiogora alikuwa kijana mpole, na alikuwa amesomeshwa na Riungu mwenyewe. Katika mtihani aliandika kurasa nne juu ya Lutha bila kosa. Alisema kwa adabu kwamba kilicholetwa mbele ya baraza ni mlango. Riungu akavuliwa uzee, akafungiwa meza, na boma lake likawa boma lisiloingiwa na mchungaji. Wazee wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wakaenda kunywa chai.

Mwaka mzima aliivumilia adhabu kwa kiburi. Jumapili wenzake wakipanda kilimani, yeye alishuka mjini akaketi na Sulemani, muuza nyama, Mwislamu aliyezaliwa palepale Runyenjes. Sulemani alimsikiliza kuliko kanisa zima.

"Lakini hiyo hoja yako ya nne si mpya, mwalimu," alimwambia siku moja akikata mbavu. "Kwetu imamu akikosekana, hata mimi wa nyama nasimama mbele, namswalia maiti. Anayejua ndiye anasimama."

Riungu alicheka akasema yule mtawa angempenda Sulemani. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka vile.

Marcella alianza kushika tumbo wakati wa mvua za Aprili. Hospitali iliona uvimbe, ikaangalia, ikamwambia Riungu ampeleke nyumbani akampikie anachopenda. Hakupenda chochote. Aliomba kitu kimoja tu, na alikiomba bila kulia, jambo lililomuumiza mumewe zaidi.

"Nimezika akina mama wengi wa chama," alisema. "Nimewafunga vitambaa kwa mikono yangu. Na mimi nataka nifungwe. Nataka mchungaji aingie hapo langoni, niimbiwe. Sitaki kuzikwa kama Nelius."

Riungu alikwenda kwa wazee siku hiyohiyo. Walimpokea vizuri. Walitaka kondoo wa kupatana na nyumba ya Hezekiah, akamtoa. Tena walitaka asimame mbele ya kanisa azikane hoja zake moja baada ya nyingine. Hapo karatasi ikatafutwa, ikasomwa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wazee kuzisoma hoja za Riungu, na walizisoma ili wajue ni nini cha kukanwa.

Alisimama Jumapili mbele ya watu mia tatu. Alisoma hoja, akasema, "Nilikosa." Akasoma nyingine, "Nilikosa." Darasani alikuwa akiwaambia vijana kwa sauti ya kujigamba jinsi yule mtawa alivyoamriwa akane mbele ya mfalme, akakataa. Sasa aliona kitu ambacho hakikuwahi kumpitia akilini: wakati ule mtawa hakuwa na mke mgonjwa kitandani. Alipofika kwenye ya nne aliisoma upesi, chinichini, na Hezekiah akamwomba arudie, walioko nyuma hawakusikia.

"Nilisema kila aaminiye ni kuhani," akarudia. "Si kweli. Si kazi yangu kusimama mahali pa mchungaji. Nilikosa."

Walimpigia makofi. Baada ya ibada ndipo Mchungaji Kiogora alipomweleza kwamba aliyetubu hukaa benchi la nyuma miezi sita kabla ya kufunguliwa, na mpaka hapo boma lake linabaki lilivyo. Riungu alidhani kijana anatania. Akamwambia kwamba Marcella hana miezi sita. Kiogora alitazama viatu vyake akasema analijua hilo, na kwamba amewasihi wazee, na wazee wamesema sheria haipindwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Marcella aliishi wiki tisa. Riungu hakuwahi kumwambia habari ya ile miezi sita. Kila Marcella alipouliza, alimjibu kwamba mambo yamekwisha, mchungaji atakuja. Alikufa akiamini hivyo, na sijui kama hilo lilikuwa jema au baya.

Walimzika Alhamisi asubuhi. Akina mama wa chama walikuja bila vitambaa, maana chama hakiruhusiwi, wakasimama nje ya ua katikati ya migomba. Naibu wa Marcella, Karimi, alikuwa amejifunika uso kwa shuka. Ndani ya boma walikuwa majirani kadhaa, binti yake Kathure aliyetoka Kiirua na mumewe, na Sulemani. Jeneza lilishushwa. Kisha watu wakasimama wakitazamana, kwa sababu hapakuwa na wa kusema neno.

Sulemani alimsogelea Riungu. "Mwalimu, sema wewe," alimnong'oneza. "Mimi siwezi kumsemea, ni wa kwenu. Wewe unajua."

"Nimekana, Sulemani. Nilisimama mbele ya watu nikasema si kazi yangu."

"Sema tu. Ni mke wako."

Riungu alivua kofia, akafungua kinywa. Alilitafuta neno moja la kuanzia na hakulipata. Alichokiamini alikuwa amekikana, na alichokikiri hakukiamini, na kati ya viwili hivyo hapakuwa na kitu ambacho mtu angeweza kumwombea mkewe. Kule nje ya ua wanawake waliinamisha vichwa wakimngoja. Akafunga kinywa.

Kathure alimtazama baba yake, kisha akachukua koleo. Udongo ulikuwa umelowa mvua, na wanaume walipokezana mpaka shimo likajaa.