Bakari Kaimba Lini?

Siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau, mwanangu, ni siku Bi Somoe alipoingia uani kwangu bila hodi, akaketi mkekani, akaniuliza: "Mwanaisha, huyu Bakari kaimba lini?"

Hata swali lenyewe sikulielewa.

Umeniletea simu yako nikusaidie kujaza fomu ya kuupeleka wimbo wako mtandaoni. Nitakusaidia, wala sikatai. Lakini simu iweke chini kwanza, maana fomu kama hiyo mimi niliwahi kuijaza kwa mbwembwe, na aibu yake ninayo bado.

Gesi ilikuwa imeshagunduliwa, na Palma, mji wetu huu wa kaskazini ya Msumbiji, umejaa wageni mpaka nyumba za kupanga hazipatikani. Watu wa mradi walipita wakihesabu kila kilichokuwa kwenye ardhi itakayochukuliwa: nyumba, mikorosho, minazi, hata makaburi. Mimi nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na watoto wawili, ila akili bado mbichi. Usizione mvi hizi ukadhani ni za zamani sana. Nyingine zilikuja upesi. Nilikuwa nimesoma Kireno mpaka darasa la saba, basi kila familia iliniita niwasomee karatasi za fidia. Wakanisifu, nami nikavimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kwenye karatasi zile palikuwa na sehemu imeandikwa 'titular', yaani mwenye haki. Hapo liliandikwa jina la mkuu wa nyumba. Awe kaupanda mnazi mkewe, awe kaupanda mama yake, jina lilikuwa la mkuu wa nyumba. Kwetu mkuu alikuwa Mjomba Bakari. Niliandika jina lake mara nyingi mpaka mkono ukazoea.

Bi Somoe alikuwa dada wa bibi yangu, na ndiye aliyeongoza kikundi cha tufo, ngoma ya wanawake. Hesabu ile ilipomchosha akaitungia wimbo. "Mnasema mnazi mmoja, mnasema kaburi moja, basi nihesabuni na mimi." Hicho ndicho kiitikio. Kwenye harusi zote watu waliuomba. Amade, fundi aliyekuwa na studio ya chumba kimoja kilichozungushiwa magodoro ukutani, akaurekodi. Bi Somoe aliongoza, wanawake saba wakaitikia.

Amade akasema wimbo huu usiishie kwenye simu za watu wa Palma. Kuna msambazaji, akasema, unampa wimbo naye anaufikisha kwenye mitandao yote ya kusikilizia muziki, na kila ukisikilizwa hudondoka pesa kidogo. Kidogo sana, chini ya senti, lakini haba na haba hujaza kibaba. Akafungua fomu ya Kireno kwenye simu yake, nami nikiwa kando. Msanii nani? Mtunzi nani? 'Titular' wa haki nani?

Nilipoliona neno 'titular' nikaichukua simu mkononi mwake. Nikaandika Bakari, Bakari, Bakari, na namba ya simu ya Bakari. Amade akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba karatasi hizi mie nazijua kuliko yeye.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Miezi ikapita, Mjomba Bakari akapata ujumbe wa pesa kwenye simu, pesa ndogo ya kununulia sukari. Hakujua imetoka wapi. Akaamini ni fidia ya mnazi uliosahaulika, akaenda ofisi ya malalamiko kusema mnazi mzima haulipwi hivyo. Karani wa watu akapekua daftari zote akitafuta mnazi ule. Akamwambia arudi Jumatatu. Mjomba akarudi Jumatatu tatu.

Bi Somoe naye alisikia sauti yake ikitoka kwenye simu ya dereva wa pikipiki. Akafurahi, akamwomba amsomee jina lililoandikwa pale. Ndipo akaja kwangu na lile swali.

Nilimweleza nilivyofanya, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupotea. Alikuwa mtu wa kufoka, lakini siku ile hakufoka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema tu, "Niliomba nihesabiwe. Ukaja wewe, damu yangu, ukaniruka."

Nilikwenda mbio kwa Amade. Akanieleza kwamba wimbo mmoja una haki mbili. Ipo haki ya utunzi, ya yule aliyetoa maneno na mahadhi ya kuyaimbia. Ipo haki ya rekodi, ya wale walioimba na waliogharimia studio. Pesa ya rekodi huja kwa msambazaji. Ya utunzi hudaiwa kwingine, kwenye chama cha watunzi, nako lazima ujiandikishe. Nikamuuliza, wimbo mmoja utakuwaje miwili? Akarudia. Nikamuuliza tena. Nilitoka pale kichwa kinaniwanga, mimi msomi wa Palma.

Nikamfikishia Bi Somoe maneno yale kama yalivyo, nikitaraji tuchanganyikiwe pamoja. Akacheka mpaka akajifuta macho.

"Hilo ndilo limekushinda?" akasema. "Shamba langu, minazi yako. Hujaona hilo tangu kuzaliwa?"

Kweli nililiona tangu kuzaliwa. Kwetu mtu huwa na shamba, na mwingine akaruhusiwa kupanda minazi yake humo. Nazi zikianguliwa hakuna ugomvi, kila mmoja anajua fungu lake. Utunzi ni shamba, rekodi ni minazi. "Shamba ni langu," Bi Somoe akasema, "minazi ni ya sote tulioimba na Amade. Bakari hana shamba wala mnazi. Yeye alikuwa anapita njiani."

Mtu asiyejua hata kuandika jina lake alielewa kabla yangu, mwanangu, kwa sababu hakuwa na haraka ya kuonekana anajua.

Kusahihisha kulichukua muda mrefu kuliko kukosea. Mjomba Bakari alikubali, tena kwa furaha, maana alishachoka na zile Jumatatu. Siku jina lilipobadilika nilikwenda na simu nikamsomea Bi Somoe. Akasikiliza, akaniambia nirudie. Kisha akauliza, "Na waitikiaji?"

Sikuwa nimewaandika. Niliona inatosha kuandika kikundi. Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuchukua majina kamili na namba za simu, ili mafungu yagawiwe tangu kwa msambazaji. Nilipata watano. Kabla sijamaliza, ukaja wakati wa kukimbia, mji ulipovamiwa kwa bunduki, na huo unaujua mwenyewe. Bi Somoe alifia kijiji cha Nhica, akielekea mto Ruvuma kuvuka mpaka. Sisi tuliorudi tuko hapa Quitunda, kijiji cha waliohamishwa na mradi. Wale wawili, Zainabu na Mwajuma, sijui waliko. Sauti zao nazisikia kila wimbo unapopigwa, Zainabu ndiye mwenye ile sauti ya juu kabisa. Majina yao ya ukoo sikuwahi kuyauliza.

Sasa ichukue simu yako. Kabla ya kuandika neno, niambie nani katunga, nani kapiga gita, nani kaitikia, nani kalipia studio. Wakusanyeni leo, mkubaliane mafungu leo, wakati wimbo bado hauna thamani na hamna cha kugombania. Kila mtu aandikwe kama bilhete yake, kitambulisho chake, inavyosema. Kwa msambazaji peleka rekodi, kwenye chama peleka utunzi. Na neno usilolijua liulize, hata kama jana ulilijua kwenye karatasi nyingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jina nalo ni mali.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Aifikishe sauti yako usikofika, na kila aliyeitikia nyuma yako ahesabiwe nawe. Ukipata kuwasikia Zainabu na Mwajuma huko wimbo wako utakakokwenda, waambie Mwanaisha anawauliza majina yao kamili.