Linux ya Bure Iliyonitia Shaka

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anayezisitiri aibu zetu na kuzifunua pale tu zinapotufaa.

Kompyuta ninayoandikia hotuba za Ijumaa ilipochoka, mwalimu Zuhura wa hapa Newala aliniondolea Windows, programu iliyokuwa ikiiendesha, akaniwekea nyingine iitwayo Linux. Ikawa nyepesi ajabu. Nikamuuliza bei, akasema ni bure.

Neno hilo lilininyima raha. Kitu kizuri namna hii kinakosaje bei, kama hakikuibwa? Niliogopa kuandika maneno ya Mungu kwa mali ya wizi. Baada ya sala nikamwita barazani, mbele ya wazee wenzangu, kompyuta iko mapajani.

"Shikamoo, Baba Saidi."

"Marahaba, mwanangu. Hii Linux irudishe kwa wenyewe. Sitaki haramu."

"Wenyewe wametoa ruhusa," alisema kwa upole. "Utumie, unakili, umpe na jirani. Ni kama kisima cha sadaka."

Nikashusha pumzi.

"Ya wizi ni ile Windows uliyowekewa dukani kule Masasi. Hukuyaona maneno ya Kiingereza pembeni ya kioo? Yalisema nakala ile si halali."

Niliyaona kwa miaka sita. Nilidhani ni salamu.

Mzee Hamisi akakohoa kidogo. "Na ile hotuba ya kuwakemea wezi wa korosho, iliyonitoa machozi, uliiandikia wapi?"

Nikaitazama kompyuta. "Humu humu," nikasema.

Nawe unayesoma, Mungu akujaalie riziki ya halali, na majirani wanaokucheka kwa upendo.