Majembe Mawili Begani

Mwaka ule mume wangu alipopanda treni pale Same kwenda kukata mkonge Tanga, wanaume waliobaki kwetu Mhezi ungeweza kuwataja wote kabla ugali haujaiva. Mwingereza alitaka kodi ya kichwa, na asiyekuwa nayo alijificha porini au alikwenda mkongeni. Wangu alikwenda. Aliniachia mama yake, watoto wawili wadogo, na shamba la maharage lililokuwa mwisho kabisa wa mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu.

Kazi za kibarua kwetu mlimani hazikuwa na mlango wa kubisha hodi. Ulizitafuta kwa masikio. Jumapili baada ya ibada nilikuwa wa mwisho kuondoka kanisani, na wala si kwamba nilimpenda Mungu kuliko wenzangu. Nilikuwa nasikiliza ni nani ana paa linalovuja, nani kapata wageni na hana kuni. Nimekata majani ya kuezekea, nimebeba mchanga wa kujengea nyumba ya mwalimu, nimeshuka hadi Same kuchambua maharage ya mwenye duka mmoja karibu na stesheni, nikalala kwa shangazi na kupanda tena mlima kesho yake. Leo ipo, kesho hakuna. Mama mkwe wangu alikuwa akisema mwanawe ameoa mbuzi, maana hata miguu yangu haikujua kutulia.

Kazi niliyoipenda kuliko zote niliibuni mwenyewe. Pembe ikipigwa jioni, kila nyumba ilijua kwamba kesho ni msaragambo: mtu mmoja kutoka kila nyumba, na jembe lake, kwenda kuzibua mfongo au kuziba ukuta wa ndiva, bwawa letu la udongo na mawe linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Malipo ya msaragambo yalikuwa maji yenyewe. Mzee wa maji alizitaja nyumba moja moja, kuanzia ya juu hadi ya chini, na nyumba isiyoitika ilirukwa zamu. Zamu ilikuja kila siku ya nane. Ukirukwa, shamba lako lilikaa siku kumi na sita bila tone, na kiangazi cha mwaka ule hakikuwa cha mchezo.

Sasa, wanaume wakiwa Tanga, zilikuwepo nyumba zisizo na mtu wa kutoa. Nikaona hapo pana kazi. Nyumba yetu ingeitikiwa na mama mkwe, ambaye alikuwa akikaa na vikongwe wenzake wakikanda udongo, na hakuna aliyelalamika. Mimi ningesimama badala ya nyumba nyingine kwa pishi mbili za mahindi, mkononi kabla ya kazi. Nilisimamia nyumba ya mjane mmoja mwenye macho mabovu, nikasimamia ya mwalimu. Nilijiona mjanja sana.

Kisha akaniita jirani yangu wa juu. Mumewe alikuwa mkongeni kama wangu, naye alikuwa mzazi wa siku tisa, bado yuko ndani, maana kwetu mzazi hakutoka nje ya boma kabla ya mwezi wa tatu. Nyumba yake ilikuwa imerukwa zamu iliyopita, kwa sababu siku ya msaragambo ndiyo siku uchungu ulipomshika. Majani ya mahindi yake yalikuwa yameanza kujikunja. Alinipa pishi mbili, akanipa na jembe la mumewe, lenye mpini uliolainishwa na viganja vyake.

"Dada, usiniangushe," aliniambia.

"Lala na mwanao," nikamjibu. "Maji utayaona."

Jioni ile tukapika makande kwa mahindi yake. Asubuhi nikamkuta mama mkwe ameketi kitandani, mguu umevimba. Alikuwa ameteleza akitoka kutafuta kuni na hakutaka kusema.

"Shikamoo, Mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Mguu umekataa. Mrudishie mwenzako jembe lake, atafute mtu mwingine."

"Saa hizi atampata wapi? Na mahindi yake yako tumboni mwetu."

"Basi mtu mmoja hasimamii milango miwili."

"Tutaona," nikasema.

Nasema wazi, hasira zilikuwa zimenipanda, na nilimkasirikia yeye na mguu wake kana kwamba aliuvimbisha kusudi. Nilitoka na majembe mawili begani. Njia nzima nilipiga hesabu: mzee wa maji ni baba mdogo wa mume wangu, nitachimba kazi ya watu wawili, atatazama kazi wala hatatazama mtu. Maharage yangu yalikuwa yametoa maua juzi tu. Ua la maharage likikosa maji linadondoka, na likidondoka hakuna cha kuvuna. Watoto wangu walikuwa wanayategemea maharage yale.

Wanawake wenzangu waliponiona wakacheka. "Leo umeota mikono minne?" mmoja akauliza. Nikacheka pia.

Mzee wa maji akaanza kutaja nyumba. Kila iliyotajwa iliitika, "Ipo." Akataja nyumba ya jirani yangu, nikaitika, "Ipo." Akataja ya mume wangu. Nikaitika tena, "Ipo." Akageuka taratibu mpaka akaniona.

"Nimesikia sauti moja mara mbili."

"Mama anaumwa mguu, Baba. Nitachimba sehemu mbili. Nipimie hata tatu."

"Najua unaweza. Nikikukubalia wewe kwa kuwa u mke wa mwanangu, msaragambo ujao nyumba kumi zitaleta mtu mmoja na mzigo wa majembe. Ukuta huu utajengwa na nani?" Hakupandisha sauti. "Taja nyumba moja."

Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu asiye na nyumba ya kusimamia. Hakuwepo. Niliwaona watu wakitazama chini, kila mmoja akilishughulikia jembe lake kama limeota kasoro sasa hivi. Niliwaza mahindi niliyokula. Niliwaza yule mzazi amelala akijua maji yake yamo mikononi mwangu. Halafu nikayawaza yale maua meupe, na mdomo ukasema, "Nyumba ya mume wangu."

"Nyumba ya juu yake imerukwa," akasema mzee, akaanza kugawa sehemu za kuchimba.

Nikaliweka jembe la jirani kwenye majani, pembeni. Nilichimba siku ile mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Kila nikiinua kichwa nililiona pale lilipolala.

Wakati wa kurudi nilipita kwake. Alikuwa ananyonyesha, mlango wazi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri tu, ya mguu wa mama na ukali wa mzee. Hakuyahitaji. Alilitazama jembe, akaona halina udongo.

"Liweke hapo," akasema.

"Mahindi nitakurudishia."

"Liweke tu hapo, Dada."

Heri angenitukana. Tusi ningelijibu, kujibu nilikuwa najua.

Siku ya zamu yetu ikafika. Nilikaa shambani tangu alfajiri, mifereji midogo nimeshaipanga, jembe mkononi. Mimi ndiye niliyefuata moja kwa moja baada ya wale waliokuwa juu ya jirani yangu. Muda wangu ukaingia, maji hayakuja. Nikangoja. Jua likapanda, mfongo ukabaki na tope tu. Hapo nikajua, au nilidhani nimejua. Mfongo ulipita nyuma ya jiko lake, hatua chache tu. Kidole cha mguu kingetosha kutoboa kingo, na maji yote yangeishia kwenye mahindi yake. Nikapanda kilima kile karibu nakimbia, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni siwezi kuyaandika.

Nilimkuta ameinama kwenye mfongo, mtoto amefungwa kifuani kwa kanga, mkononi ana kijiti. Alikuwa anaopoa majani na matawi yaliyoshuka na maji na kuziba pale kwenye kona. Mahindi yake nyuma yake yalikuwa makavu, ardhi imepasuka. Hakuna tone lililokuwa limeingia.

"Palikuwa pameziba," akasema bila kuniangalia. Akavuta fungu la mwisho la majani, na maji yakapita kwa nguvu, yote, kuelekea kwangu. "Wahi. Maharage yako yana maua."

Aibu niliyoiona pale sijawahi kuiona tena. Nikainua jembe nikakata kingo upande wake. Maji yakaruka kuingia kwenye mahindi. Yeye akapiga magoti, mtoto akiwa kifuani, akalizoa tope kwa mikono miwili na kuliziba lile tundu mpaka likanyamaza.

"Nyumba yangu haikuitika," akasema. "Unataka waniruke zamu ya tatu?"

Nikashuka. Nikamwagilia.

Maharage yalizaa. Nilimpelekea pishi mbili za mahindi niliyoyapata kwa kukata majani ya paa, na pishi moja ya maharage juu yake. Alipokea, akashukuru, akanikaribisha uji. Mahindi yake mwaka ule aliyang'oa akawapa mbuzi.

Pembe ilipolia tena, mguu wa mama mkwe ulikuwa umepona. Nilikwenda kwa jirani jioni ileile.

"Kesho nakusimamia," nikamwambia. "Bure."

Alikuwa anampiga mtoto mgongoni apate kucheua. "Tutaona," akasema.

Asubuhi nilipanda ndivani na jembe langu moja, mama mkwe akinifuata polepole na fimbo yake. Nilisimama mbele kabisa, ili mzee aniangalie vizuri. Nyumba zikatajwa. Ilipofika ya jirani yangu nikajaza pumzi.

"Ipo."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Alikuwa amesimama na jembe la mumewe, mtoto mgongoni, uso umempauka kama jivu. Siku zake za uzazi zilikuwa hazijaisha. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyetoka hivyo kabla hajatolewa nje na wakubwa. Mzee wa maji alimtazama kidogo, akataja nyumba iliyofuata, yetu, na mama mkwe wangu akaiitikia. Nikabaki nimesimama pale mbele na jembe langu, sina nyumba ya kusimamia.