Jiwe la Mama Yangu

Leo nimefundishwa historia ya nyumbani kwetu na kijana ambaye hata ndevu hazijamwota.

Tumekuja Samuye kupumzika, mimi na mjukuu wangu Kabula. Kupanda kilima, kupunga upepo, kutazama ng'ombe kule chini. Nilitaka hasa aone jiwe bapa ambalo mama yangu alianikia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kabla hatujahamishwa kutoka kilimani hapa.

Tumefika juu, tukamkuta kijana anaongoza wageni kando ya jiwe lile lile.

"Hapa watemi, machifu wa zamani, walitoa kafara. Kishimo hiki cha kwenye jiwe kilikuwa cha damu."

Cha damu! Mama alisagia mtama humo.

Nikamsahihisha.

"Shikamoo, babu," akasema kwa adabu. "Lakini kilima hiki hakijawahi kukaliwa na watu."

"Nimezaliwa hapo nyuma ya mkuyu ule."

"Sawa, babu. Ila wageni wanapenda ya kafara."

Wageni wakacheka. Kabula akaniangalia, nikaona hajui amwamini nani. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikafungua mfuko wa michembe tuliyonunua Kagongwa njiani. Nikaimwaga juu ya jiwe, nikaitandaza kwa kiganja kama mama alivyofanya. Kabula akachuchumaa, akatandaza na yeye.

Kijana akaja mbio. "Babu, tafadhali! Usichafue madhabahu!"

Kabula akamnyooshea kipande. "Karibu kafara, kaka."

Akakipokea. Akaendelea kutukataza huku anatafuna.

Mliolelewa kwenye vilima vile, andikeni hapo chini mama zenu walianika nini. Nahitaji mashahidi.