Picha za Ukingoni

Fundi cherehani wa nyumba ya pili ndiye aliyenitia neno hilo sikioni. Nilikuwa nimempelekea suruali ya mume wangu aipunguze, mtoto mgongoni, naye akaacha kukanyaga cherehani akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Mama kichanga," akasema, "mkweo anatafuta pa kufia. Mtu mzima hapandi basi kila wiki kwenda kupiga picha mashimo. Watu hupiga picha harusi, hupiga picha watoto. Yeye kila picha ni shimo."

Nikamwambia ni makorongo na mabonde. Akasema shimo ni shimo tu, na kwamba mtaa mzima unajua, ni sisi wa ndani tunaojifanya hatuoni. Kisha akauliza suruali ipunguzwe miguuni au kiunoni. Nikajibu miguuni. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka ilikuwa kiunoni.

Mama mkwe wangu alifanya kazi ya eksirei katika hospitali kubwa tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Mtaani bado wanamwita Mama Eksirei. Wenzake waliostaafu naye wamefuga kuku au wamefungua duka. Yeye alinunua kamera iliyokwisha kutumika, na stendi yake ya miguu mitatu, akaanza kusafiri. Anaondoka na basi la asubuhi, anarudi jua likizama, viatu vina udongo wa rangi ambayo kwetu haipo. Picha anazisafisha studio na kuzibandika ukutani mwa chumba chake, na mimi ndiye ninayefagia humo.

Siku ile nilizitazama upya, ufagio mkononi. Maporomoko ya maji, yamepigwa kutoka juu. Bonde lenye ukungu, kutoka juu. Mto mwembamba kama uzi, kutoka juu. Katika moja, pembeni kabisa chini, ilionekana ncha ya kiatu chake, na mbele ya kiatu hakukuwa na kitu.

Halafu kulikuwa na lile la goti. Wiki iliyotangulia alirudi goti limechunika na nyasi kavu kwenye nywele, akasema ameteleza kituoni akishuka basi. Kituo chetu kina lami, nyasi hakuna hata ya dawa. Nilimwosha goti, nikamtoa nyasi kichwani moja moja.

Mume wangu ni dereva wa malori, siku nyingi yuko barabarani. Aliposikia habari za goti kwenye simu hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mama yake akianguka tena nimwambie, atakuja aichukue hiyo kamera na kumpeleka kwa wifi yangu mkubwa, akae huko aangaliwe. Namjua wifi. Kwake hata pazia halifunguliwi ovyo. Basi nikabaki na hofu mbili katika kifua kimoja: nikisema, mama anafungiwa, nikinyamaza, huenda nikaletewa maiti.

Nikamwomba mama mkwe twende wote. Nilisingizia kuwa mtoto anataka hewa safi. Akanitazama kitambo, kama anayetafuta ufa kwenye mfupa, akasema, "Vaa viatu visivyoteleza."

Tulishuka mahali pasipo na nyumba, tukapanda kinjia cha mbuzi mpaka kwenye jabali tambarare. Jabali likaisha ghafla. Chini yake palikuwa na bonde, na ndani ya bonde mawingu yanatambaa. Nilishika mbeleko kwa mikono miwili. Yeye akaitegesha stendi ukingoni, akaweka jicho kwenye kamera, akatulia.

Alikuwa anasubiri jua litoke nyuma ya wingu. Nikasubiri naye, na katika kusubiri nikaona kitu. Mgongo wake hautembei. Mtu akipumua sweta hupanda na kushuka; lake lilikuwa kama limetundikwa ukutani. Wingu lilikuwa zito, halina haraka. Masikio yake yakabadilika rangi. Nikaita, "Mama." Kimya. Nikaita tena. Magoti yakalegea, akaanza kuinamia mbele, taratibu, kama mtu anayesinzia kitini.

Sijui nilifikaje. Nilikamata sweta kiunoni nikavuta kwa uzito wangu na wa mtoto, tukaketi wote kwa kishindo juu ya mwamba. Mtoto akaangua kilio. Stendi ilibaki imesimama peke yake, inatazama bonde.

Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Akapumua, akapumua tena, na neno lake la kwanza likawa, "Jua limetoka?"

Hapo nikalia. Nikamwaga yote ya fundi cherehani, na ya mume wangu kutaka kuichukua kamera, na swali lenyewe likatoka lilivyo: "Mama, unatafuta kufa?"

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema yule fundi akate vitambaa aache kukata watu. Yeye maisha yake yote ya kazi ameyamalizia katika chumba kisicho na dirisha, akitazama mbavu za watu. Sasa ndiyo kwanza anaona mbali, afe ili iweje. Kisha kicheko kikamwisha, akanieleza polepole, macho chini. Mgonjwa wa kifua huambiwa ashike pumzi, maana akipumua picha inaharibika. Yeye alijizoeza kushika pumzi pamoja na kila mgonjwa, ili ahisi mwenyewe jinsi anavyotaabika, ampige picha upesi amwachie.

"Kidole kikigusa kitufe tu, kifua kinajifunga chenyewe," akasema. "Sikiamrishi. Kwa mgonjwa ilikuwa kufumba na kufumbua. Lakini bonde halichoki, mwanangu. Linanisubirisha tu."

Akakiri kwamba goti nalo ni hivyo hivyo, ila siku ile aliangukia goti, akabingirikia nyuma kwenye nyasi.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Mama aliuona uso wangu akajua ni mwanawe. Hakunikataza kupokea. Aligeuka tu akaitazama kamera, kama mtu anayeaga. Nikaizima sauti, nikampa mtoto titi.

Wingu likaanza kupasuka. Mwanga ukashuka ng'ambo ya bonde, ukawa unakuja upande wetu. Mama akasimama kwa kujishika mapaja. Nikasema hapana. Nikairudisha stendi nyuma mimi mwenyewe. Akachungulia, akasema hapo kinachoonekana ni mwamba mtupu, akaisogeza tena, si pale pale, lakini karibu.

"Mfunge mtoto vizuri, uje nyuma yangu," akasema, na sasa sauti haikuwa na mzaha. "Shika sweta hapo uliposhika. Halafu niongeleshe. Niulize chochote, hata bei ya vitunguu. Nikikujibu nitakuwa napumua. Na nikinyamaza, mwanangu, usiniite mara ya pili. Nivute."