Skrubu Zilizokosa Boriti

Useremala nilifundishwa na ndugu yangu mkubwa. Yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu Kamembe, mji wa mpakani kando ya ziwa, na sikumbuki kumwita kwa neno jingine. Baba alipofariki, yeye alinichukua kwenye karakana yake nyuma ya soko, akanipa kipande cha msasa, akaniambia nianze na miguu ya viti. Miaka kumi na minane baadaye tulikuwa bado pamoja, na mashine ya randa ikinguruma katikati yetu tangu asubuhi mpaka alasiri. Hatukuwahi kuziba masikio. Hatukujua kama huwa yanazibwa.

Mwaka jana mama mmoja alituita nyumbani kwake, kule Mururu. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akaja huku na mumewe, na mume alipokufa akamwachia nyumba ya ghorofa iliyojengwa ubavuni mwa mlima. Sakafu ya juu ilikuwa ya mbao za zamani zilizoliwa na mchwa. Alitaka tuing'oe, tuweke mbao ngumu za libuyu kama zilizokuwa kwa wazazi wake.

"Batoto banasema niweke karo," alituambia, yaani vigae. "Lakini karo inanitia baridi mu mifupa."

Libuyu haiwekwi juu ya boriti hivi hivi. Kwanza hutandikwa tripleksi nene, zile mbao pana za matabaka yaliyogandishwa, nazo sharti ziwe kavu, ziwe sawa, na zikazwe barabara. Kosa la chini hupanda juu. Tulipeleka libuyu wiki mbili mapema tukaipanga chumbani izoee hewa ya pale, maana unyevu wa ziwa hunywewa na mbao usipoangalia. Kisha tukatandika tripleksi, tukiacha mwanya wa unene wa sarafu kati ya moja na nyingine. Yaya alikaza skrubu. Mimi nilipita nyuma yake na uzi na pimamaji, nikipiga msasa maungio yaliyoinuka.

Mafundi wengine huchora mstari wa chaki kuonyesha boriti ilipo chini. Yaya hakuchora. Alisikiliza. Skrubu ikikamata boriti, drili hulia kwa sauti nzito. Ikikosa, sauti inakuwa nyepesi, skrubu inazunguka bure. Zamani hata mkono ulitosha kujua, lakini drili yetu mpya ilikuwa na nguvu mno, haikujali inapita wapi. Nilimwona akienda haraka, safu baada ya safu, nikafurahi kwamba tutamaliza mapema.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya kukanyaga. Kabla ya kufunika na mbao ngumu, fundi hutembea chumba kizima kwa kisigino, hatua kwa hatua, akitafuta mahali panapolia. Kazi hiyo ilikuwa ya yaya sikuzote. Alivua viatu, akaanzia dirishani. Hatua ya nne, tripleksi ikalia chini yake, kilio kirefu kama cha mlango wa zamani. Yeye akaendelea. Ikalia tena. Akafika ukutani, akageuka.

"Iko sawa," alisema. "Lete karatasi ya lami, tufunike."

Nilidhani ananitania, kwani ndivyo alivyokuwa akinipima zamani. Nikacheka. Mwenye nyumba alikuwa amekaa juu ya ngazi akichambua maharage.

"Fundi, pale iko inalia," alisema.

Yaya hakugeuka. Mama akarudia, kwa sauti ya juu zaidi. Bado hakugeuka. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Yaya alipokwenda kuswali adhuhuri, nilishuka chumba cha chini, nikapanda juu ya meza na kutazama sakafu ile kwa chini. Ncha za skrubu zilikuwa zimetokeza hewani, safu nzima, pembeni mwa boriti kwa upana wa vidole viwili. Safu ya pili hivyo hivyo. Nilihesabu mpaka nikachoka. Robo tatu ya skrubu zake hazikuwa zimeshika kitu.

Nilipanda juu, nikachora mistari ya chaki, nikaanza kuzing'oa. Nilitaka nimalize kabla hajarudi. Nilikuwa nimefika katikati ya chumba nilipoona miguu yake mbele yangu. Alitazama mistari. Akaokota skrubu moja, akaiviringisha mkononi.

"Zilikosa?"

"Zilikosa, yaya."

Macho yake hayakuwa machoni pangu. Yalikuwa mdomoni. Nikaelewa kwamba kwa muda mrefu, sijui mrefu kiasi gani, ndugu yangu alikuwa akinisoma midomo, na mimi nikiongea naye huku nimemgeuzia mgongo nikidhani anakasirika kimyakimya.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Sikio la kuume, zamani. La kushoto, tangu Ramadhani." Alikaa chini, akaegemea rundo la libuyu. "Nilidhani litarudi. Muntu hawezi kusema kitu kama hicho."

Tulikwenda hospitali wiki ile ile. Daktari alikuwa mtu mwema. Alimwandikia kwenye karatasi, kwa Kinyarwanda, kwa herufi kubwa: mishipa ya kusikia imekufa kwa makelele, na hakuna dawa ya kuifufua. Kifaa cha kuvaa sikioni kingesaidia kidogo sana. Yaya aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akashukuru. Tulishuka kwa miguu kipande kirefu cha njia. Alikuwa anatangulia, na asingeniona midomo.

Nilifikiri tungeendelea, mimi nikisikiliza na yeye akikaza. Tulijaribu siku mbili. Siku ya pili nilimpigia kelele asikanyage pale nilipokuwa nimeinua tripleksi. Akakanyaga. Mguu ukaingia mpaka gotini kati ya boriti, na ngozi ya muundi ikachunika yote. Mwenye nyumba alimfunga jeraha kwa kitambaa safi, akampa chai, kisha akaniita kando.

"Papa, unisamehe," alisema. "Mzee asirudi hapa. Akifia mu nyumba yangu, nitasema nini?"

Sikuweza kumkatalia. Jioni, pale karakanani, nilisimama mbele ya yaya uso kwa uso, nikafungua kinywa, nikakifunga. Aliniangalia akingoja midomo isogee. Kisha akanipapasa begani.

"Nimeelewa," alisema, na akaanza kufagia takataka za randa.

Sakafu niliimaliza peke yangu. Mwenye nyumba ameridhika nayo.

Siku hizi yaya anakaa nyumbani. Watoto wake wanamzunguka na mazungumzo yao kama wanavyoizunguka meza, si kwa ubaya, ni uvivu tu wa kurudia. Kila Ijumaa mchana nakwenda kula kwake. Mkewe anatuwekea ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, tunanawa, tunakula. Mwanzoni nilimweleza kazi zangu, polepole, nikiupanua mdomo, naye akiitikia kwa kichwa hata pale ambapo najua hakuelewa. Sasa nimeacha. Sikio langu la kuume nalo limeanza kuvuma kama kuna nyuki ndani. Yeye sijamwambia. Wala mwingine yeyote. Kesho asubuhi nina milango sita ya kupiga randa.